Mwanamize wa Gatina

Nguo za mtoto zilikuwa zimepanda juu.

Nafuna alisimama ameshika mfuniko wa sanduku, akajaribu kukumbuka vizuri. Jana alianza na hizo. Aliweka chini kabisa vifulana, soksi na kofia ya kufuma, akavifunika na gauni zake, leso, na taulo jipya ambalo lilikuwa halijaonja maji. Leo vifulana vilikuwa juu ya kila kitu, tena vimekunjwa kwa namna ambayo yeye hakunji, mikono imelazwa kifuani, mmoja juu ya mwingine.

"Isaac, umefungua hii sanduku?"

"Mimi? Nitafute nini kwa nguo za wamama?" Isaac alikuwa anafunga viatu vyake vya mjengo, viatu vyenye simiti mpaka kwenye kamba. "Hiyo Mombasa imekuingia kwa kichwa. Saa hii unapanga nguo hata ukiwa usingizini."

Na kusema ukweli Mombasa ilikuwa imemwingia. Nani isingemwingia? Kampuni fulani ya sabuni za watoto ilikuwa imetangaza redioni kwamba mama atakayetuma karatasi za sabuni huenda akapelekwa pwani, yeye na mtoto wake, akalale hoteli ya ufuoni, chakula juu yao, kazi yake kula na kuota jua. Watu wa ploti walicheka. Nafuna akapita kwenye mifereji yote ya kufulia ya Gatina, mtaa wao pale Kawangware, akiokota karatasi, akatuma bahasha, akasahau. Siku jina lake liliposomwa redioni, ploti nzima ilitoka nje kupiga vigelegele, na wale waliocheka ndio waliopiga kwa sauti kubwa zaidi.

Basi ushauri ukaanza. Kanini, jirani wa mlango wa pili, alimwambia abebe sweta nzito kwa sababu baridi ya bahari huingia hadi kwenye mifupa, na Kanini mwenyewe hajawahi kupita Machakos. Mwingine akasema abebe unga, maana watu wa huko hula wali asubuhi mpaka jioni. Kwenye mitumba alipata vazi la kuogelea la maua mekundu, akalijaribu nyuma ya pazia, akajicheka mpaka machozi. Isaac alikataa katakata lianikwe kwenye kamba ya nje.

Kitu kimoja tu kilimpa aibu. Hakuwa na sanduku. Utaingiaje hoteli ya watalii na mfuko wa nailoni? Ndipo alipomkumbuka Risper wa Silanga, kule Kibera, ambaye walikuwa majirani enzi zile Nafuna alipotoka ocha, kwao kijijini, akiwa hajui hata kuvuka barabara. Risper aliuza makaa karibu na bwawa, na nyumbani kwake kulikuwa na sanduku kubwa la ngozi ya kahawia lenye vibanio vya shaba. Kaka yake, Dalmas, alifanya usafi katika hoteli moja huko pwani. Mgeni aliliacha chumbani akaenda zake, asilirudie, basi Dalmas akalibeba.

"Mimi naweka makaa ndani," Risper alisema, akilimwaga pale pale. "Lakini wewe huwezi enda na sanduku ya makaa, dada yangu. Ngoja."

Akalisugua kwa sabuni nje na ndani, maji meusi yakatoka, yakatoka tena, mpaka yakawa safi. Nafuna alilibeba kichwani hadi Kawangware akijiona mtu wa maana.

Hilo ndilo sanduku lililokuwa mbele yake asubuhi hiyo. Alipanga upya, nguo za mtoto chini, zake juu. Alipoinama kulifunga, harufu ikampiga usoni. Si ya makaa, si ya sabuni. Aliwazia dagaa wa omena ambao hawajakauka vizuri, halafu akawazia kidonda, halafu akaona haifanani na chochote anachokijua. Nafuna ni mtoto wa Kimilili. Maji makubwa zaidi aliyowahi kuona ni mto uliofurika.

Akabana vibanio, na Trizah akaanza kulia kitandani.

Huyo Trizah ndiye alikuwa roho ya mama yake, kitoto kilichokuwa kinaanza kukaa, chenye mashavu ya kubanwa na kila apitaye kwenye korido. Alikuwa na jina hilo la kanisani tu. La nyumbani, la wazee, alikuwa bado hajapewa, kwa sababu mamake Isaac alisema asiguswe na jina lolote la ukoo mpaka yeye mwenyewe aje. Mtoto hakuwa wa kulialia. Lakini tangu siku hiyo, sanduku likifungwa tu, alilia mpaka midomo ikabadilika rangi. Likifunguliwa, kimya.

"Anapenda kuona nguo zake," Isaac alisema.

"Isaac, hii kitu inanuka. Na kuna maji inamwagika."

"Wapi?"

Walinyamaza, wakasikiliza. Ilikuwa jioni, stima imepotea, mshumaa juu ya kabati. Maji yalikuja kwa mbali kama mtu anayemwaga beseni, yakajivuta polepole yakirudi yalikotoka, yakaja tena. Nafuna alikuwa amedhani ni Kanini anaosha nyumba, lakini Kanini alikuwa ameenda ibada ya jioni, mlango wake una kufuli.

"Ni paipu ya chini," Isaac akanong'ona.

"Mbona unanong'ona, kama ni paipu?"

Isaac alipuliza mshumaa akalala ameelekea ukuta, na Nafuna akamchukia kidogo usiku huo.

Kesho yake vifulana vilikuwa juu tena, na safari hii vilikuwa na unyevu. Alipovikung'uta, mchanga mweupe ulimwagika sakafuni, laini kuliko unga uliochungwa. Hajawahi kuona mchanga mweupe. Wa kwao ni mwekundu, wa Nairobi ni mweusi, basi akadhani ni sukari iliyomwagika, akachovya kidole akaulamba. Chumvi. Alitema mate, akaufagia upesi upesi nje ya mlango.

Filister, mamake Isaac, aliwasili kwa basi la Kimilili siku hiyo hiyo, na kuku mmoja, mahindi, na magoti yake mabovu yaliyomfanya apande ngazi za gorofa akipumzika kila hatua. Alikuja kumpa mjukuu baraka kabla hajapelekwa mbali. Mama huyu alikuwa na moyo wa dhahabu na mdomo wa pilipili. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, anaokota neno hapa, la Kibukusu pale, na akikasirika anaacha Kiswahili kabisa.

Hakumaliza chai kabla mtoto hajaanza. Nafuna alikuwa amefunga sanduku ili mgeni apate pa kukaa.

Filister alimpakata, akamtikisa, akamtazama macho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Papa, baba yangu! Na nyinyi munakaa tu hapa?" alisema. "Hii mutoto si mugonjwa. Kuna mutu anataka jina."

Isaac na Nafuna walitazamana, na wote wawili wakapumua. Ai, kwani hawakujua? Kwao kila mtu anajua. Mtoto akilia bila sababu, kuna mzee aliyekufa ambaye anaona amesahauliwa, na akiitwa jina lake mtoto hunyamaza akanyonya. Nafuna mwenyewe alipata jina kwa njia hiyo. Furaha ilimjaa mpaka akataka kucheka. Ile harufu, yale maji, zile nguo, kumbe ni nyanya wa watu anaomba kukumbukwa.

Wakafunga mlango mchana ule, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Nafuna akatoa titi. Filister akapiga magoti mbele yao, akaanza kuita wafu wa kike wa ukoo, mmoja mmoja, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo kwa walio hai.

"Nekesa, mama ya mama yangu, kama ni wewe, mwachie anyonye."

Mtoto alilia.

"Nasimiyu, wewe ulikufa na njaa, kama ni wewe, mwachie."

Mtoto alilia. Akaitwa Nelima, akaitwa Naliaka, akaitwa shangazi aliyekufa bila kuzaa na yule ambaye hata Filister hakuwahi kumwona ila alisimuliwa, na kila jina mtoto alizidi, akajipinda mikononi mwa mama yake, sauti ikawa inakatika. Filister alitoka jasho. Wafu wote aliowajua walikwisha. Na hapo, kwa uchovu na kwa huruma, akasema maneno ambayo alikuja kuyajutia kuliko yote aliyowahi kusema.

"Basi wewe mwenye sikujui. Kama ni jina unataka, karibu kwetu. Kuja useme mwenyewe. Mutoto ni wako. Mwachie anyonye."

Kilio kilikatika pale pale. Trizah akageuza kichwa polepole, akaangalia pembe ya sanduku, akacheka. Kisha akashika titi akanyonya, na Nafuna akalia kwa raha.

Jina lenyewe lilikuja usiku, ndotoni kwa Filister. Asubuhi aliwasimulia akipepeta mchele. Mama mrefu, nguo nyeusi mpaka chini, nywele zinatona maji, amesimama hapo karibu na sanduku. Amesema anaitwa Mwanamize.

"Mwana nani?" Isaac alicheka. "Mathe, hiyo si jina ya Kibukusu."

"Wewe nyamaza. Baba ya baba yako alienda Kariakoo, kubebea wazungu mizigo, ile vita ya Wajerumani. Alikaa huko pwani mpaka watu wakafikiri amekufa. Unafikiri alikuwa analala peke yake? Alikuwa na bibi huko. Sasa bibi amesikia mutoto anaenda kwao, anataka jina."

Ilikaa sawa kabisa kichwani mwa kila mtu. Kuku akachinjwa, Kanini akaitwa, chai ikanywewa, na Filister akamtemea mtoto mate ya baraka kifuani akimwita Mwanamize. Hakuna aliyeuliza kwa nini mke wa babu aje na sanduku la kuazima.

Tangu siku hiyo mtoto hakulia tena. Hakulia akiwa na njaa. Hakulia akiwa amelowa. Alilala macho wazi akitazama upande wa sanduku, na ukimwita Trizah hageuki, ukimwita Mwanamize anageuka upesi. Nafuna alimbusu shavuni akasikia chumvi. Akambusu shingoni, chumvi. Alimwogesha, akamkausha, akambusu tena, na ile chumvi ilikuwepo, na nywele za mtoto zilikuwa na maji hata baada ya kuanikwa kwenye jua.

"Mama Mwanamize, mbona hauna furaha?" Filister alimuuliza. "Si mutoto amepoa?"

"Amepoa sana, Mama," Nafuna alijibu. Aliogopa kusema zaidi.

Siku ya safari ikafika. Basi lilikuwa la saa tatu usiku, tiketi ilikuwa chini ya godoro, na Nafuna hakuwa na hamu nayo hata kidogo. Saa sita mchana alikuwa kwenye korido na cherehani yake, anamalizia sketi ya mteja, akasikia ndani mtu anambembeleza mtoto. Sauti ya mwanamke, nzito, tamu, wimbo wa taratibu wenye maneno ya Kiswahili kilichonyooka ambacho Gatina hakuna anayekiongea. Alitabasamu. Mathe naye ana nyimbo. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamwona Filister anapanda ngazi kutoka sokoni, sukuma wiki kwapani, anapumzika kila hatua.

Cherehani ilisimama, na ndani ule wimbo uliendelea, haukuwa na haraka, haukujali kwamba yeye ameusikia na amejua, na Nafuna akainuka, akafuata ukuta mpaka mlangoni, akasukuma pazia, na wimbo ukakoma kabla ya neno la mwisho. Sanduku lilikuwa wazi. Trizah alikuwa amelazwa sakafuni kando yake, ingawa Nafuna alikuwa amemwacha kitandani, na sakafu nzima ilikuwa na maji. Ndani ya sanduku, juu ya taulo, nguo za mtoto zilikuwa zimetandikwa kamili, kofia, chini yake fulana, chini yake nepi, chini yake soksi mbili, zimelala kama mtu.

Nafuna alimfunga mtoto mgongoni, akampita mama mkwe kwenye ngazi bila kumwambia anakoenda, akakata kwa mguu kupitia mtaa wa Kongo, akavuka barabara ya Ngong, akashuka Jamhuri hadi Kibera, akatokea Silanga kwa Risper akiwa hana pumzi.

Risper alisikiliza maneno machache tu, akaacha makaa yake wazi. "Mimi sijui mambo ya hii," alisema. "Lakini najua mtu. Twende Makina, kwa Wanubi."

Mtu huyo alikuwa Bi Kaltuma, Mnubi, mama mnene aliyekaa kwenye kibaraza akisuka kifuniko cha chakula cha rangi rangi na kugombana na mpangaji wake kwa wakati mmoja. Alimwona Nafuna mlangoni, akaacha ugomvi katikati. Hakumsalimia Nafuna. Alimsalimia aliye mgongoni.

"Asalaam aleikum, mgeni."

Nafuna alisikia kichwa cha mtoto kikiinuka begani mwake.

"Keti hapo, usiingie ndani," Bi Kaltuma alisema. "Hii kitu ilikuja na nini?"

"Na sanduku," Risper akajibu. "Yangu. Lakini mimi nimekaa nayo, haijanisumbua hata siku moja."

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Makaa."

"Na mkaiosha. Makaa ndiyo yalikuwa yanaifunga."

Risper akajifunika mdomo. Bi Kaltuma alitikisa kichwa, akamtaka Nafuna aseme yote. Nafuna akasema. Alipofika kwenye majina, mwanamke yule alimshika mkono.

"Rudia. Alisemaje?"

"Alisema karibu kwetu. Mtoto ni wako."

"La ilaha." Bi Kaltuma aliweka chini kifuniko alichokuwa anasuka. "Mama yangu, hawa majini wa baharini hawaibi. Wanaweza kukaa na wewe miaka wakikusumbua tu, ukiwafukuza wanaenda. Wanangoja kupewa. Nyinyi mmempa. Na leo anataka kwenda kwao na mali yake."

"Siendi Mombasa. Nitararua tiketi."

"Rarua. Ataenda tu. Asubuhi utaamka na mwili."

"Nichome sanduku!"

"Choma, na huyu ataungua nayo." Akamwangalia kwa huruma. "Jina likishapokewa halifutwi. Linahamishwa. Na anayeweza kulihamisha ni yule aliyelitoa. Na anaweza kulipeleka mahali pamoja tu."

"Wapi?"

"Kwake mwenyewe, huyo nyanya. Kwa mdomo wake, na kwa kupenda kwake. Ukimlazimisha, haifai."

Nafuna alirudi Kawangware akilia barabarani mchana peupe, na watu wakimpisha. Aliomba njia nzima. Aliomba mwanawe apone, halafu akaogopa ombi lake, kwa maana alijua anachoomba kitamgharimu nani. Mkaza-mwana atasimamaje mbele ya mama wa mumewe, aliyembebea kuku kutoka Kimilili, amwambie kitu kama hicho?

Alimwambia. Alimlaza mtoto kitandani, akamvuta Filister hadi kwenye korido, akasema yote bila kupumzika, macho chini.

"Umepeleka mutoto ya kijana yangu kwa muganga?" Filister alifoka. "Na sisi ni watu ya kanisa!"

"Mama, nisikilize..."

"Wewe ndiyo unisikilize! Jina ya wazee hairudishwi. Dada yangu alirudisha, sababu bwana yake hakupenda hiyo jina. Mutoto alikufa kwa hii mikono yangu. Hii!" Akamwonyesha viganja. "Unataka niue Mwanamize?"

"Si Mwanamize! Ni Trizah!" Nafuna alipaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Na huyo si wazee wako, Mama. Ingia umnuse."

Ndani kulisikika mlio. Ta. Kisha mwingine. Ta. Vibanio vya shaba.

Kitanda kilikuwa kitupu. Sanduku lilikuwa limefungwa katikati ya chumba. Nafuna alilirukia akavuta vibanio mpaka kucha ikang'oka, akaliita jina la mwanawe, Trizah, Trizah, Trizah wangu, akachukua mkasi wa kazi akajaribu kupenyeza kwenye mfuniko na mkasi ukateleza ukamkata, na ndani hakukuwa na kilio, kulikuwa na maji tu yanayokuja na kurudi, karibu sasa, makubwa, na chini ya mfuniko maji yakaanza kuvuja kwenye sakafu ya simiti.

"Mwanamize," Filister akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo.

Vibanio vikafunguka vyenyewe.

Mtoto alikuwa amelala juu ya nguo zake, mikono imelazwa kifuani, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa mzima. Alimtazama nyanya yake, akatabasamu tabasamu la mtu mzima.

Filister alikaa chini sakafuni kwenye maji. Uso wake ulikuwa umezeeka zaidi. Nafuna, aliyekuwa amemnyakua mtoto na kumbana kifuani, hakuthubutu kumwomba tena.

"Mimi ndiyo nilimwambia karibu," Filister akasema mwishowe. "Si ndiyo?"

"Mama..."

"Simama kule mlangoni na mutoto. Usikuje hapa." Akaweka viganja vyote viwili ndani ya sanduku. Alikuwa anaogopa sana, lakini sauti aliishika. "Wewe. Nilikupatia kitu si yangu. Hii mutoto iko na mama yake. Hii mutoto ni Trizah. Hiyo jina nimechukua. Mimi ndiyo Mwanamize. Mimi. Nimekubali."

Maji yalinyamaza. Ndipo Nafuna alipogundua ni siku ngapi amekuwa akiyasikia bila kupumzika. Mikononi mwake Trizah akavuta pumzi, akafungua mdomo, akalia kilio cha njaa, kikali, cha hasira, na Nafuna alimbusu uso mzima na hakusikia chumvi.

Filister akainuka. Aliinuka mara moja, bila kushika goti wala kitanda, akanyoosha mgongo, akajitazama mikono kwa kupendezwa. Kisha akatoa nguo za Nafuna sandukuni moja moja, akaweka zake.

"Mama?" Nafuna aliita.

"Wanitazamani, mwanangu?" alisema. Sauti ilikuwa nzito, tamu, na Kiswahili kilimtoka bila kutafutwa. "Nipa hiyo tiketi. Kisha njoo unifungie sanduku, lajaa mno. Sipendi kuchelewa."

Nafuna alijua kabisa ni nani anayemwambia. Alijua pia kwamba mahali fulani nyuma ya macho yale kulikuwa na mama aliyekuja na mahindi. Na alijua akikataa, lile jambo litageuza shingo litazame mtoto mikononi mwake. Akatoa tiketi chini ya godoro. Akamfunga Trizah mgongoni, akakaa juu ya mfuniko kwa uzito wake wote, akabana kibanio cha kwanza, akabana cha pili.

Isaac alirudi kutoka mjengo jioni, akamkuta mama yake mlangoni amejifunga leso nyeusi, amesimama wima.

"Mathe! Unaenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu," akamjibu, ingawa hakuwa amesalimiwa.

Isaac akamgeukia mke wake.

"Nimempa nafasi yangu," Nafuna alisema. Midomo ilikuwa imekauka. "Mimi bado niko mdogo, nitaenda siku ingine. Mwache aone bahari."

Isaac alimwangalia kwa upendo ambao hakuwahi kumwonyesha tangu waoane. Alibeba sanduku begani akaandamana na mama yake hadi mjini, akiwaambia majirani wote kwenye ngazi kwamba mathe anaenda Mombasa, na Kanini akapiga kigelegele.

Alirudi usiku, Nafuna akiwa amekaa gizani ananyonyesha.

"Umefanya kitu kubwa sana, Nafuna," alisema, akivua viatu. "Maze, ungemwona. Stendi yote alikuwa ananiongelesha Kiswahili kama wa redio, sijui alisomea wapi. Halafu basi ikaanza kutoka, akaniona kwa dirisha, akaanza kuniita kwa Kibukusu. Anagonga kioo na mikono yote mbili, machozi yanamtoka. Sijasikia alikuwa anasema nini, basi ilikuwa na kelele." Akacheka kwa furaha. "Sijawahi kuona mathe amefurahi hivyo. Nikampungia mkono mpaka wakapotea."

Nafuna alimhamishia mtoto kwenye titi la pili.